Cambridge kwa Kiti cha Magurudumu: Vile Utazunguka Siku Nzima Bila Kubebwa na Mtu

Kuna ofa moja ambayo mtu wa kiti cha magurudumu hupewa kila mbogi ikipanga tripu: "Usijali, tutakubeba." Inatolewa kwa roho safi kabisa. Wasee wawili upande huu, wawili upande ule, kiti kinapandishwa ngazi, picha zinapigwa, kila mtu anajiskia fiti. Lakini hebu uliza yule aliyebebwa. Hakutoka kejani ili ashikwe makwapa mbele ya umati. Na nusu saa baadaye akitaka kwenda choo, wale wasee wanne wako wapi? Ndio maana wengi huishia kusema, "Nyinyi endeni tu, mimi nitachill hapa na mabegi."

Sasa kama uko Uingereza sahii, iwe ni masomo, iwe ni wera ya unesi, ama umeenda tu kuona auntie yako, na wewe ama beshte yako anatumia kiti, kuna mji mmoja wa kale unaweza kuingia asubuhi na kutoka jioni bila mtu yeyote kukuinua. Mji ni Cambridge. Kama hauko huko na pesa ya ndege bado ni ndoto, soma tu. Maswali utakayojifunza kuuliza hapa yatakusaidia hata ukipanga kwenda Naivasha.

Mji wa mwaka wa 1209, na bado kiti kinapita

Kwa akili ya kawaida, Cambridge ingefaa kuwa noma kwa mtu wa kiti. Chuo kikuu chake kilianza 1209, wakati wasomi fulani walitoroka Oxford baada ya kukosana vibaya na wenyeji. Koleji ya zamani zaidi, Peterhouse, ni ya 1284. Leo koleji ziko 31, na nyingi zilijengwa enzi ambazo hakuna fundi aliyewaza kuhusu magurudumu ya kiti. Milango ni myembamba, ngazi zimejikunja kama konokono, na sakafu za mawe zimelika na miguu ya karne nyingi.

Kitu cha kwanza kinachookoa mji ni ardhi. Cambridge imekaa kwenye tambarare za mashariki mwa Uingereza, na ukitoa kilima cha Castle Mound na madaraja machache yenye mgongo, hakuna mlima wa kukutoa jasho. Ndio maana mji umejaa baiskeli kupita kiasi. Kiti na baiskeli hupenda ardhi ya aina moja. Shida ni kwamba wenye baiskeli hupenda pia kuziegesha mahali wewe unataka kupita, kwa hivyo zoea kuomba njia.

Kitu cha pili ni sheria. Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi dhidi ya walemavu 1995, kisha ikaingizwa kwenye Sheria ya Usawa ya 2010. Sheria haisemi kila jengo la karne ya 15 libomolewe liwekwe lifti. Inasema mwenye jengo au huduma afanye marekebisho yanayowezekana. Hilo neno "yanayowezekana" ndilo limeleta rampu za mbao kwenye milango ya kale, mlango wa pembeni uliowekwa kengele, na lifti zilizofichwa kwenye jengo jipya nyuma ya lile la zamani. Mara nyingi utaingia kwa mlango tofauti na ule wa wengine. Inaudhi, lakini unaingia.

Na kitu cha tatu ni jamaa mmoja.

Msee wa West Road

Stephen Hawking alizaliwa Oxford tarehe 8 Januari 1942 na akasomea digrii ya kwanza huko huko. Mwaka wake wa mwisho Oxford alianza kujikwaa na hata kuanguka kwenye ngazi. Akahamia Cambridge kufanya utafiti wa udaktari, na 1963, akiwa na miaka 21, madaktari wakamwambia ana ugonjwa wa neva unaoua misuli polepole. Walimpa miaka kama miwili hivi ya kuishi. Akaishi mingine 55.

Watu wengi wanajua hiyo risto kutoka kwa filamu. Ambayo hawajui ni vita vyake vidogo vidogo na mji. Mwanzoni alikataa kata kata kutumia kiti. Kwenye nyumba ya kwanza ya familia, Little St Mary's Lane, alikuwa anapanda ngazi kwa kujivuta mwenyewe, na hakutaka msaada. Mwisho wa miaka ya 60 ndio alikubali kiti. Katikati ya miaka ya 70 akahamia nyumba ya koleji yake, Caius, huko West Road, akikaa sehemu ya chini tu ili asipambane na ngazi. Yeye na mke wake wa kwanza, Jane, walisukuma chuo na mji waweke rampu na njia za kupita. Hii ilikuwa kabla sheria ya 1995 haijaota hata. Wakati huo ukikosa kuingia mahali, ni bahati yako mbaya, hakuna wa kumshtaki.

Halafu kuna hii ambayo mimi huipenda kuliko zote. Usiku mmoja wa Novemba 1970, Hawking alikuwa anaingia kitandani. Kwa hali yake, kuingia kitandani kulichukua muda mrefu, kwa hivyo alikuwa na nafasi ya kuwaza. Na hapo ndipo alipopata wazo lake kubwa kuhusu mashimo meusi ya anga, kwamba mpaka wa nje wa shimo jeusi hauwezi kupungua ukubwa. Ameiandika mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1988, A Brief History of Time.

Kutoka West Road hadi ofisi yake ya zamani ya Silver Street ni mwendo mfupi, na kwa miaka mingi alikuwa anauenda kwa kiti cha umeme, akikiendesha vile dere wa mat huendesha asubuhi akiwa na haraka. 1991 gari lilimgonga akivuka Grange Road usiku, mkono ukavunjika, na siku chache baadaye alikuwa amerudi kazini. Alipofariki Machi 2018, misa yake ilifanyiwa kanisa la Great St Mary's katikati ya mji, na majivu yake yakazikwa Westminster Abbey, London, katikati ya Newton na Darwin, ambao wote walisoma Cambridge.

Kwa hivyo ukizunguka hapo, kumbuka njia nyingi unazopitia, kuna mtu alizipitia kwa kiti kila siku kwa karibu miaka 50. West Road unaweza kufika kwa kiti bila shida, na kuna jengo la Caius lenye jina lake. Ramani yako ya siku inaweza kuanzia hapo kabisa.

Kutoka London: mnyororo wa vitu vidogo

Tripu ya mtu wa kiti ni mnyororo. Kiungo kimoja kikikatika, siku imeisha. Haisaidii kanisa kuwa na rampu kama stesheni haina lifti. Kwa hivyo panga kuanzia mlango wa nyumba hadi mlango wa choo.

Ndani ya London, treni za chini ya ardhi ni kamari. Karibu theluthi moja tu ya stesheni ndizo unaweza kuingia bila ngazi, na zingine ukifika unakuta lifti imeharibika. Basi ni afadhali. Basi zote za London zina rampu inayotoka mlango wa katikati, na mtu wa kiti hapandi kwa pesa, ni bure. Teksi zile nyeusi nazo zote lazima ziweze kubeba kiti, na dere haruhusiwi kukuongezea bei juu ya kiti. Akijaribu, anavunja sheria.

Unaenda King's Cross. Hiyo stesheni ina lifti kila mahali, na treni za haraka kwenda Cambridge huchukua kama dakika 50. Kuna nyingine kutoka Liverpool Street, lakini hizo huzidi saa moja. Umbali ni kama Nairobi hadi Naivasha, lakini hakuna Rironi wala lori limeharibika kwenye mteremko.

Kati ya treni na jukwaa kuna pengo na kimo, kwa hivyo unahitaji mfanyakazi aje na rampu. Huduma inaitwa Passenger Assist. Tangu 2022 unaweza kuiitisha hadi saa 2 kabla ya safari, kwa simu au kwa programu ya simu. Unawaambia treni gani, uko na kiti cha aina gani, unashukia wapi. Wao wanapiga simu stesheni ya mbele ili mtu akusubiri mlangoni na rampu ingine. Unaweza pia kufika tu bila kuitisha, na wanafaa kukusaidia, lakini mimi singejaribu siku ya Jumamosi yenye watu wengi.

Sasa hii ya tiketi wengi hawaijui. Kuna kadi ya punguzo ya walemavu, lakini ili uipate unafaa kuthibitisha vitu ambavyo mgeni wa wiki mbili hana. Usikate tamaa. Kama unasafiri ukiwa umekaa kwenye kiti chako mwenyewe, una haki ya punguzo bila kadi yoyote, wewe na mtu mmoja mnayeandamana. Kwa tiketi ya saa zote ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, mnakatiwa nusu bei. Nunua kaunta, juu mtandaoni punguzo hilo kwa kawaida halionekani. Muulize pia huyo wa kaunta bei ya tiketi ya saa zisizo na msongamano, ulinganishe. Doo ni doo.

Jambo moja la kupima kabla hujatoka: kiti chenyewe. Treni za Uingereza zimetengenezewa kiti cha upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 120, hapo hapo na miguu yako. Vile viti vya magurudumu matatu vya kuzungusha na mikono, ambavyo tumezoea kuona barabarani Kenya, ni virefu mno. Kama kiti chako ni cha umeme, kuna habari njema ndogo: plagi ya Uingereza ni ile ile ya Kenya, pini tatu za mraba, na umeme ni ule ule. Chaja yako itaingia ukutani bila adapta.

Ukifika, usikimbilie teksi

Treni nyingi za kutoka King's Cross huingia kwenye majukwaa ambayo yako sawa na mlango wa kutokea, kwa hivyo unateremshwa na unateleza moja kwa moja hadi nje. Zikiingia majukwaa ya upande ule mwingine, kuna daraja lenye lifti.

Kutoka stesheni hadi katikati ya mji ni karibu kilomita 2. Kwa kiti cha umeme ama kama una mikono ya nguvu, ni njia poa, imenyooka, lami ni sawa. Ukichoka, basi ziko nje ya stesheni. Na hapa nikupe stori ya basi, juu inaeleza vitu vingi kuhusu vile hizi haki hupatikana.

Februari 2012, jamaa anaitwa Doug Paulley alitaka kupanda basi kaskazini mwa Uingereza, kutoka Wetherby kwenda Leeds. Nafasi ya kiti ilikuwa imekaliwa na mama mwenye kigari cha mtoto, na mtoto amelala. Dere akamwomba mama asogee, mama akakataa. Dere akamwambia Paulley, basi wewe ngoja basi ingine. Paulley alikosa treni yake. Angeweza kwenda nyumbani akalalamike kwa beshte zake kama sisi hufanya. Yeye akaenda kortini. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu zaidi, na Januari 2017 majaji wakasema dere hawezi kuuliza mara moja tu na kuinua mabega. Anafaa kusukuma zaidi, hata kusimamisha basi dakika chache mpaka aliyekalia nafasi aone haya. Majaji hawakusema mtu atupwe nje, na wengi walihisi uamuzi ulikuwa nusu nusu. Lakini tangu siku hiyo, ukiona nafasi imejaa vigari vya watoto, una la kumwambia dere.

Linganisha na mat ya Nairobi, ambapo konda atakuambia ulipie kiti chako kama abiria wa pili. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu anayeishi na ulemavu ana haki ya kufikia maeneo yote na usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Maneno yapo. Paulley wetu ndiye bado tunamngoja.

Mahali pa kwenda, na mahali pa kuangalia ukiwa nje

Anza na King's Parade, barabara ndefu iliyo mbele ya King's College. Kanisa la King's ndilo lile unaona kwenye kila kalenda. Mfalme Henry VI aliweka jiwe la kwanza 1446, vita vikaingia, pesa ikaisha, wafalme wakabadilika, na kazi ya mawe ikamalizika kama 1515. Ndani, dari ni la mawe, na limechanuka kama matawi ya minazi yaliyopangwa mstari kutoka ukuta hadi ukuta. Ni dari kubwa zaidi la aina hiyo duniani. Kiti kinaingia, ila waambie walinzi mlangoni mapema wakuonyeshe upande usio na ngazi. Na kwa dari kama hilo, aliyekaa ndiye ana siti nzuri. Wengine wote wanaumia shingo.

Kwenye kona ya King's Parade na Bene't Street kuna saa ya ajabu ukutani, ya dhahabu, haina mishale, na juu yake kuna mdudu kama panzi mwenye sura mbaya anayetafuna dakika. Ni ya koleji ya Corpus Christi. Aliyeizindua Septemba 2008 ni Hawking mwenyewe. Iko nje barabarani, hakuna tiketi, hakuna ngazi, na iko karibu na kimo cha macho. Watu husimama mbele yake kama wamelipwa, kwa hivyo sukuma kiti chako hadi mbele bila aibu.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye baa ya The Eagle, Februari 1953, Francis Crick aliingia wakati wa lunch akatangaza kwamba yeye na James Watson wamepata siri ya uhai. Walikuwa wamegundua muundo wa DNA. Hata ukiipita tu kwa nje, ushaiona.

Makumbusho ya Fitzwilliam usiyaache. Kuingia ni bure, ila Jumatatu hufungwa. Ukifika mbele utaona nguzo kubwa na ngazi za kutisha, na utadhani umefika mwisho wa safari. Usizijali. Zunguka pembeni, kuna mlango wa ua usio na ngazi, na ndani kuna lifti. Wana mkusanyiko mkubwa wa Misri ya kale, pamoja na kifuniko cha jeneza la jiwe la Farao Ramesses III. Vile kifuniko cha mfalme wa Afrika kilifika mto Cam ni mjadala wa siku ingine, lakini angalau wewe unaweza kukikaribia.

Kama una muda, pitia nje ya lango kuu la Trinity uone mti wa tufaha uliotokana na ule wa nyumbani kwa Newton. Jirani yao ni St John's, ambapo Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, alisomea miaka ya 1920, na akafaulu kuwashawishi wakubali Kikuyu kama mojawapo ya lugha zake za kufanyia mtihani. Hebu waza sura za hao maprofesa.

Sasa mto. Kitu kila mgeni hufanya Cambridge ni kupanda punt, mtumbwi bapa unaosukumwa kwa mti mrefu, kama vile watu wa Lamu husukuma mashua kwa pondo kwenye maji madogo. Hapa niwe mkweli: mtumbwi uko chini sana kutoka ukingoni, na unakaa karibu na sakafu. Kama unaweza kuhama kutoka kwenye kiti kwa msaada kidogo, pigia kampuni simu kabla, waulize wanaweka nini cha kushukia na kiti chako kitabaki wapi. Kama huwezi kuhama, usikubali ile ya "tutakubeba". Nenda daraja la Silver Street. Liko kwenye barabara ya kawaida, na kutoka hapo unaona mitumbwi yote ikigongana, watalii wakianguka majini, na lile daraja la mbao la koleji ya Queens' ambalo waongozaji wa watalii husema Newton alilijenga bila msumari hata mmoja. Lilijengwa 1749. Newton alifariki 1727.

Mnara wa Great St Mary's una ngazi 123 na hakuna lifti. Hapo wacha beshte zako wapande, wewe uende ule aiskrimu. Uwanja wa soko ulio kando umejaa mawe ya duara, kabro za kizamani ambazo zitakutikisa meno mpaka ya akili. Pita kando kando yake. Trinity Lane na vichochoro vya karibu na Senate House ni hivyo hivyo. Daraja la Garret Hostel nalo lina mgongo mkali, kwa kiti cha mkono utahitaji mtu nyuma yako.

Usiulize "kunaingilika?"

Ukipigia koleji ama restoranti simu, usiulize kama mahali "panafaa walemavu". Kila mtu atasema ndio. Mlango wenye ngazi mbili, kwake yeye anayetembea, hauna ngazi. Uliza hivi: kutoka barabarani hadi meza, kuna ngazi ngapi? Mlango mwembamba zaidi una upana gani? Choo kiko ghorofa gani, na lifti inafanya kazi leo? Hayo maswali hayana jibu la kupendezesha, ni namba tu.

Chuo kina mwongozo mtandaoni wa majengo yake, unaeleza milango na lifti. Koleji nazo kila moja ina tovuti yake, na sheria zake. Kitu cha kuangalia sana ni tarehe. Kuanzia Aprili hadi Juni wanafunzi wako kwa mitihani na koleji nyingi hufungia wageni. Julai na Agosti ziko wazi lakini watu wamejaa kama Gikomba siku ya kufungua mitumba. Septemba katikati ya wiki ndiyo tamu.

Na unapofika kaunta ya tiketi popote, uliza kama anayekusaidia analipa. Sehemu nyingi Uingereza huyo huingia bure, lakini hawatakuambia usipouliza.

Choo sasa, juu hapa ndipo siku nyingi huharibikia. Vyoo vingi vya walemavu Uingereza hufungwa na kufuli moja la nchi nzima, na ufunguo wake huitwa RADAR. Ukiwa nao, unafungua maelfu ya vyoo bila kumtafuta mlinzi. Huuzwa kwa bei ndogo mtandaoni na kwenye ofisi nyingi za mabaraza ya miji. Ununue kabla ya kila kitu kingine. Kama unahitaji kitanda cha kubadilishia na mashine ya kukuinua, tafuta vyoo vinavyoitwa Changing Places. Ramani yao iko mtandaoni. Na kama unatembea kidogo lakini kilomita nyingi zinakumaliza, katikati ya mji kuna huduma ya Shopmobility inayokodisha viti na skuta za umeme. Weka nafasi mapema.

Jioni na kurudi

Kama umefika siku ya muhula, usitoroke mapema. Jioni nyingi kuna ibada ya nyimbo kwenye kanisa la King's, na tofauti na mchana ambapo unalipa, ibada ni bure. Ile kwaya ndiyo BBC hupeperusha karibu kila mkesha wa Krismasi tangu 1928. Hata kama kanisa si stori yako, keti hapo dakika arobaini usikie sauti za vijana zikipanda kwenye lile dari. Fika nusu saa kabla, uwaambie una kiti, na watakuonyesha mahali pa kukaa ambapo unaona.

Lakini kabla hujaingia kanisani, hakikisha rampu ya kurudi umeiitisha, na treni umetaja ni ya saa ngapi. Watu hupanga ya kwenda wakasahau ya kurudi. Fika stesheni dakika 20 kabla, ujitokeze kaunta ya usaidizi wakuone na macho. Ukipanda, muulize aliyekusaidia kama amewapigia King's Cross, na umwambie uko behewa gani. Treni ikifika London na hakuna mtu mlangoni na rampu, usiwe mpole wa kungoja kimya. Beshte yako ashuke asimame mlangoni, amwite mfanyakazi yeyote mwenye fulana ya kung'aa, na wewe ubonyeze kile kitufe cha usaidizi kilicho karibu na nafasi ya kiti. Kikibonyezwa, kuna mfanyakazi wa treni atajibu.